Shosho Anasahau, Mjomba Analeta Tembe za Kalsiamu: Ukweli Uko Wapi?

Ilianza na chai. Shosho alitia chumvi badala ya sukari, tukacheka, yeye pia akacheka, tukaimwaga na kupika nyingine. Wiki iliyofuata akatia chumvi tena. Safari hii hakucheka. Alionja, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza ni nani ameingia jikoni kwake kumharibia chai.

Baadaye akaanza kuniita kwa jina la mjomba wangu aliyefariki kabla sijazaliwa. Nilikuwa namsahihisha: "Shosho, ni mimi." Anatikisa kichwa, anakubali, halafu baada ya dakika tano ananiuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Ng'ombe wa mwisho pale nyumbani aliuzwa miaka mingi iliyopita.

Hospitalini tukaambiwa dalili zake zinaelekea kwenye ugonjwa wa Alzheimer. Kabla hatujamaliza hata kulizoea jina hilo, mjomba wangu mkubwa akatokea mjini na kopo la tembe za kalsiamu. Alikuwa amesoma mahali fulani mtandaoni kwamba wagonjwa wa Alzheimer kalsiamu yao huwa imevurugika ubongoni. "Mama, utameza mbili asubuhi na mbili jioni," akamwambia shosho. "Hii kitu ni kalsiamu tu. Itarudi sawa."

Kopo lenyewe halikuwa la bei rahisi. Kwa hivyo nikaketi, nikaanza kusoma. Na nikagundua kwamba mjomba hakuwa amekosea kabisa. Ni kweli wanasayansi wanasema kalsiamu huvurugika ndani ya seli za ubongo wa mtu mwenye Alzheimer. Lakini kati ya neno "imevurugika" na neno "imepungua" kuna pengo kubwa, na ndani ya pengo hilo ndimo familia nyingi humwaga pesa zao.

Kalsiamu si ya mifupa pekee

Wengi wetu tulifunzwa shuleni: kunywa maziwa upate mifupa na meno imara. Ni kweli. Karibu asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini imo kwenye mifupa na meno. Hiyo asilimia moja iliyobaki, iliyo kwenye damu na kwenye seli, ndiyo yenye kazi ambayo hatukuambiwa.

Mwaka wa 1883, daktari Mwingereza Sydney Ringer alikuwa London akijaribu kuufanya moyo wa chura uendelee kudunda ukiwa nje ya mwili. Aliuweka kwenye maji yenye chumvi, na ukadunda vizuri. Kumbe maji hayo yalikuwa ya mfereji, si maji yaliyosafishwa maabarani. Aliporudia kwa maji yaliyosafishwa, moyo ukadhoofika na kusimama. Kilichokuwemo kwenye maji ya mfereji wa London na kukosekana kwenye yale mengine kilikuwa kalsiamu.

Tangu hapo imezidi kujulikana kwamba kalsiamu ni mjumbe. Inaambia misuli ijikunje. Inaambia tezi zitoe homoni. Na katika ubongo, ndiyo inayoiambia seli moja ya neva itoe kemikali ya kuzungumza na seli ya pili. Hata sasa unaposoma sentensi hii, mamilioni ya milango midogo sana inafunguka na kufungwa kichwani mwako ili kalsiamu ipite.

Ploti, geti na boda boda

Nitakueleza jinsi nilivyoelewa mimi. Fikiria seli ya ubongo kama ploti moja ya Nairobi, ile yenye ukuta, geti na soja. Kalsiamu ni boda boda zinazoleta vifurushi.

Nje ya geti kuna boda nyingi kupindukia. Ndani hakuna karibu yoyote. Hiyo si chumvi ya mazungumzo: kiwango cha kalsiamu nje ya seli ya neva ni zaidi ya mara 10,000 kuliko kile cha ndani wakati seli imetulia. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya ujumbe usikike. Ploti ikiwa kimya, boda moja ikiingia na kupiga honi, kila mpangaji anasikia.

Soja anafungua geti kidogo tu, boda chache zinaingia, zinapiga honi, vifurushi vinachukuliwa, kisha zinatolewa haraka. Kuzitoa si kazi rahisi. Seli ina pampu maalum za kusukuma kalsiamu nje, na pampu hizo hutumia nishati, jinsi pampu ya maji ya ploti inavyokula stima. Boda nyingine hazitolewi nje, zinaelekezwa kwenye maegesho ya chini ya jengo. Ndani ya seli kuna ghala kama hilo, linalohifadhi kalsiamu na kuitoa kidogo kidogo inapohitajika.

Kwa hivyo seli yenye afya si ile yenye kalsiamu nyingi. Ni ile inayojua kuiingiza, kuitumia na kuitoa kwa wakati.

Ndivyo tunavyokumbuka

Kumbukumbu nayo inahusiana vipi na hayo yote? Kwenye seli za neva kuna geti moja la aina yake linaloitwa kipokezi cha NMDA. Halifunguki ovyo. Hufunguka pale seli mbili zinapowasiliana kwa nguvu kwa wakati mmoja, na likifunguka, kalsiamu huingia. Kuingia huko ndiko kunakoanzisha kazi ya kuimarisha kiungo kati ya seli hizo mbili. Ukirudia jambo, kiungo kinazidi kuwa imara. Ndivyo unavyojifunza njia ya kwenda kazini, nambari ya siri ya M-Pesa, na jina la mjukuu wako.

Kalsiamu ikiingia kiasi, unakumbuka. Ikiingia nyingi na kukosa kutoka, ni balaa.

Geti likiharibika

Mwaka wa 1901, mwanamke mwenye umri wa miaka 51 alipelekwa hospitalini Frankfurt, Ujerumani. Anajulikana katika historia kama Auguste D. Alikuwa amepoteza kumbukumbu, anamshuku mumewe, na akiambiwa aandike jina lake anashindwa kulimaliza. Daktari aliyemchunguza aliitwa Alois Alzheimer. Auguste alipofariki mwaka wa 1906, daktari huyo aliuchunguza ubongo wake kwa darubini na kukuta vitu viwili: madoa ya uchafu katikati ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli.

Leo tunajua madoa yale yametengenezwa na protini inayoitwa amiloidi beta, na nyuzi zile ni protini inayoitwa tau. Kwa miaka mingi utafiti umekuwa ukizifuata hizo mbili. Lakini katika miaka ya 1980, mwanasayansi wa Marekani Zaven Khachaturian alipendekeza tuangalie pia kalsiamu. Hoja yake ilikuwa kwamba kadiri ubongo unavyozeeka, uwezo wa seli kuidhibiti kalsiamu hupungua, na hitilafu ndogo inayoendelea miaka mingi inaweza kuua seli sawa na hitilafu kubwa ya ghafla.

Tangu hapo ushahidi umeendelea kukusanyika. Vipande vya amiloidi vikiwa bado vidogo, kabla havijawa madoa, vinaweza kutoboa matundu kwenye ukuta wa seli. Yaani soja yuko getini, lakini ua umekatwa upande wa nyuma. Mwaka wa 2008, watafiti waliochungulia ubongo wa panya walio hai waliona kwamba seli zilizo karibu na madoa ya amiloidi zilikuwa na kalsiamu iliyovurugika, na baadhi zilikuwa zinapiga kelele kupita kiasi. Ploti yote honi tupu, hakuna anayesikia kifurushi chake kikiitwa.

Kisha madhara hufuatana. Kalsiamu nyingi huamsha vimeng'enya vinavyokatakata protini za seli yenyewe. Huchangia kuibadilisha tau mpaka ianze kujisokota. Hujaza mitokondria, zile jenereta za seli, mpaka zishindwe kutoa nishati. Na nishati ikipungua, zile pampu za kutoa kalsiamu nazo zinalegea. Stima imepotea, pampu imezima, na boda bado zinaingia.

Familia za Antioquia

Kuna mahali ambapo hitilafu hii imefuatiliwa kizazi baada ya kizazi. Katika jimbo la Antioquia nchini Colombia, kando ya mji wa Medellín, kuna ukoo mkubwa ambao watu wake wengi huanza kusahau wakiwa bado katika miaka ya arobaini. Wenyeji waliishi na jambo hilo bila kujua ni nini. Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka wa 2024, alianza kuwafuatilia katika miaka ya 1980, na ikaja kugunduliwa kwamba wanarithishana hitilafu katika jeni iitwayo presenilini 1.

Presenilini ina kazi zaidi ya moja. Ni sehemu ya mkasi unaokata protini na kutoa amiloidi. Lakini pia makao yake ni kwenye kuta za lile ghala la kalsiamu ndani ya seli. Maabarani, hitilafu nyingi za presenilini zimeonekana kubadilisha jinsi ghala linavyoachilia kalsiamu. Ni kama mlango wa maegesho ya chini umeharibika: ukiuliza boda moja, zinapanda kumi.

Wagonjwa wa Alzheimer ya kurithi moja kwa moja namna hii ni wachache sana duniani. Wengi, kama shosho wangu, huipata uzeeni bila jeni moja ya kulaumiwa. Hata hivyo, familia hizo zimewaonyesha wanasayansi kwamba kisa cha amiloidi na kisa cha kalsiamu vinakutana mlango mmoja.

Je, kipi hutangulia? Hapo wataalamu bado wanavutana. Wapo wanaosema amiloidi huanza, kisha kalsiamu inaharibika. Wapo wanaosema kalsiamu huyumba kwanza kwa sababu ya uzee, halafu amiloidi inazidi kutengenezwa. Na wapo wanaosema ni duara, kila moja inaisukuma nyingine.

Dawa zipo?

Ipo dawa moja inayofanya kazi hasa kwenye geti hilo. Inaitwa memantine. Iliidhinishwa Ulaya mwaka wa 2002 na Marekani mwaka wa 2003, kwa wagonjwa ambao hali yao imefika kiwango cha kati au kibaya zaidi. Memantine huziba kile kipokezi cha NMDA kinapokaa wazi kupita kiasi, ili kalsiamu isimiminike. Haiponyi ugonjwa. Inaweza kupunguza makali ya dalili kwa muda, kwa baadhi ya wagonjwa.

Lakini si kila wazo zuri la maabarani linafaulu kwa binadamu. Madaktari wa Ulaya waliwahi kujaribu nilvadipine, dawa ya shinikizo la damu inayozuia kalsiamu kuingia kwenye seli. Zaidi ya wagonjwa 500 walishiriki. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2018: kwa jumla, haikuwasaidia watu wenye Alzheimer ya kiwango cha chini na cha kati. Kalsiamu inatumiwa kila mahali mwilini, kwa hivyo huwezi kufunga kila geti. Ukifunga yote, moyo nao unahitaji yake.

Sasa, tembe za mjomba?

Ukiwa umenifuata mpaka hapa, jibu unalo. Tatizo la shosho si kwamba boda zimeisha mjini. Ni kwamba geti, ua na pampu za ploti vimeharibika. Kuleta boda zaidi barabarani hakutengenezi geti.

Isitoshe, mwili haukubali kiwango cha kalsiamu kwenye damu kipande au kishuke ovyo. Kuna tezi nne ndogo shingoni zinazokichunga saa zote, zikisaidiana na vitamini D, figo na mifupa. Ukila kidogo, zinakopa kutoka kwenye mifupa. Ndiyo maana chakula chenye kalsiamu ni muhimu: maziwa, omena tunaomla na mifupa yake, uji wa wimbi, mboga za kienyeji. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa ya shosho asije akaanguka na kuvunjika nyonga. Si dawa ya kusahau.

Tembe nazo zina kazi yake daktari akiziandika. Kuzimeza tu kwa sababu ya kusahau ni hadithi nyingine. Mwaka wa 2016, watafiti nchini Uswidi waliowafuatilia wanawake 700 wa umri wa miaka 70 na zaidi waliripoti kwamba wale waliowahi kupata kiharusi na wakawa wanatumia tembe za kalsiamu walipata matatizo ya akili ya uzeeni zaidi kuliko wenzao wasiozitumia. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba tembe ndizo chanzo. Lakini unatosha kumfanya mtu aulize kabla ya kufungua kopo.

Kitu kingine nilichojifunza, na hiki kiandike mahali: si kila mzee anayechanganyikiwa ana Alzheimer. Kalsiamu ikizidi au ikipungua sana kwenye damu yenyewe, mtu anaweza kuchanganyikiwa, na hilo linatibika. Vivyo hivyo upungufu wa vitamini B12, shida za tezi ya shingo, maambukizi ya njia ya mkojo, msongo wa mawazo, hata mchanganyiko wa dawa anazotumia. Ndiyo sababu ya kumpeleka mzee apimwe kwanza, badala ya familia kutoa hukumu sebuleni.

Na si uchawi

Hukumu nyingine ni mbaya kuliko ya tembe. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Kilifi nako wazee wameuawa kwa madai kama hayo. Sisemi kila mmoja wao alikuwa mgonjwa. Nasema hivi: mzee anayetoka usiku bila kujua anakokwenda, anayeongea na waliokufa, anayeingia boma la jirani akidhani ni lake, huyo ana dalili ambazo daktari anazijua. Katika kijiji kisichozijua, dalili hizo zinaweza kumgharimu uhai.

Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na maradhi ya kupoteza kumbukumbu ya aina hii, na zaidi ya asilimia 60 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Alzheimer ndiyo inayochukua sehemu kubwa zaidi.

Wewe wa miaka 22 unahusika vipi

Unahusika mara mbili. Kwanza, wewe ndiwe unayebaki nyumbani na shosho wengine wakienda kazini.

Pili, mabadiliko ya ubongo huanza hata miaka 20 kabla ya mtu kusahau chochote. Mwaka wa 2024, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakidhibitiwa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mengi ni ya umri wetu: elimu, mazoezi, sigara, pombe kupindukia, sukari na shinikizo la damu lisilotibiwa, upweke, hewa chafu. Masikio yamo pia, kwa hivyo punguza sauti ya hizo spika za masikioni. Na majeraha ya kichwa yamo. Kwa hivyo ukipanda boda, boda ya kweli sasa, vaa kofia ngumu hata kama ni hapo tu karibu.

Turudi kwa kopo la mjomba. Mama alilibeba hadi kliniki kumuuliza daktari. Shosho akapimwa damu, kalsiamu yake ikapatikana iko sawa kabisa. Daktari akasema tembe hizo hazihitaji. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akauliza sasa yeye atamsaidia mama yake na nini. Daktari akamwambia aje amwone mara nyingi zaidi, watembee pamoja, amsimulie mambo ya zamani.

Siku hizi mjomba huja kila Jumamosi. Mimi nami nimeacha kumsahihisha shosho. Akiniita kwa jina la marehemu mjomba, naitika. Akiniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji, namwambia wamekunywa, wameshiba. Anatulia. Chai napika mimi, na chumvi tumeihamisha kabati la juu.